Pikipiki ya Kiti Kimoja

Hapa Ihanda ukitafuta mtu mzima ambaye hajawahi kukaa nyuma ya Mutalemwa, utatafuta mpaka uchoke. Alianza ujana wake na baiskeli, akisukuma ndizi kwenda sokoni Kayanga, mikungu imefungwa huku na huku hadi baiskeli yenyewe haionekani, unaona ndizi tu zinapanda kilima na miguu miwili nyuma yake. Baadaye akapata pikipiki, akawa bodaboda. Juu ya pikipiki hiyo, na nyingine zilizoifuata, alibeba magunia ya kahawa, mbuzi, mabati, milango, wajawazito wenye uchungu, walevi, maharusi, na mara moja jeneza la mtoto, ambalo mpaka leo hataki kulizungumzia.

Namjua vizuri kwa sababu alimwoa dada yangu Dafroza. Mimi ni Benitha, fundi cherehani. Banda langu liko kando ya barabara, na kwa kuwa mikono ikishazoea kushona haihitaji sana macho, macho yangu huwa yanatazama mambo ya watu. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika: katika habari hii nilikuwa upande wa dada yangu, na bado niko.

Mutalemwa akiwa na abiria alikuwa na uso wake maalumu. Shingo ameiingiza mabegani, mdomo ameufunga, macho yako mbele lakini masikio yako nyuma, yanasikiliza kama mzigo umehama. Ungemsalimia barabarani akaitikia kwa kidole tu. Watu walimpenda kwa ajili hiyo hiyo. Mama mjamzito wa hapa hakutaka kijana mwingine yeyote, alisema mwiteni Mutalemwa, na Mutalemwa alikuja, hata kama ndiyo kwanza amekaa kula.

Mtu mmoja tu hakuwahi kufaidi. Jumapili ndiyo siku ya abiria, kwa hiyo Dafroza alikwenda misa kwa miguu, mvua au jua. Njiani mumewe alimpita na mke wa mtu mwingine amekaa nyuma, akapiga honi kumsalimia, vumbi likabaki na dada yangu. Naye aliinua mkono, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaendelea kutembea. Nilichukia mpaka nikatamani kumrushia Mutalemwa pasi ya makaa. Kila mwanamke wa kigango chetu alipelekwa kanisani na shemeji yangu isipokuwa mke wake.

Yeye alikuwa na jibu lake. "Mama Lameck, ngoja niache boda. Siku nikiacha, nitakupeleka kanisani kama bibi harusi."

Dafroza alicheka kila aliposikia hivyo, lakini alilitunza neno lile. Mimi ni ndugu yake, najua anavyotunza vitu.

Hatimaye mtoto wa mwisho akamaliza chuo, na magoti ya Mutalemwa yakaanza kulalamika kwenye baridi ya asubuhi. Akaiuza pikipiki ya boda. Kahawa nayo mwaka ule ilikubali, akatangaza kwamba sasa atanunua pikipiki ya nyumbani. Alipotangaza tu, kijiji kizima kikawa na maoni. Wote walimshauri aina ile ile tunayoijua sote, ngumu, yenye keria ya chuma na springi za mzigo, ambayo hata ikianguka mtaroni unaiinua na kuendelea na safari. Jirani yake Ndyamukama alikuwa ameshaamua jinsi itakavyompelekea ndizi zake sokoni. Vero, muuza maandazi wa pale njia panda, aliuliza kama unga wake utapakiwa mbele au nyuma. Pikipiki ilikuwa haijanunuliwa, na tayari ilikuwa imechoka.

Dafroza alikuja bandani kwangu na kitenge kipya cha kijani.

"Nishonee gauni, lakini chini liwe pana," alisema. "Nitakaa kwa upande, sitaki kuumbuka mbele za watu."

Nililiweka marinda mengi. Nilijua ni la siku gani. Kwetu huku chombo kipya kikifika nyumbani, kiwe gari, pikipiki au hata baiskeli, katekista anakuja kukiombea na kukinyunyizia maji ya baraka. Maji yakishakauka, mama wa nyumba anapanda, anazungushwa mpaka njia panda na kurudi, wanawake wakipiga vigelegele. Chombo kinatakiwa kianze kazi kwa kumbeba mtu wa nyumba hiyo, ndipo kibebe mengine.

Siku ikafika. Tulikuwa uani tunasubiri, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshachujwa, na Katekista Methodius ameketi na kitabu chake. Mlio ulitufikia kabla ya pikipiki. Haukuwa ule mlio mwembamba wa boda tuliouzoea. Ulikuwa mzito, wa chini, wa taratibu. Halafu Mutalemwa akatokea kwenye uchochoro wa migomba, na sote tukasimama.

Ilikuwa nyekundu kama buni iliyoiva. Usukani wake mpana ulirudi nyuma kumfuata mwendeshaji, hivyo Mutalemwa alikuwa amekaa mikono imetanuka, kifua wazi. Taa ya mbele ilikuwa ya duara, bomba la moshi liling'aa mpaka kuku wakajiona humo. Kiti kilikuwa cha ngozi ya kahawia, na kwa kuwa ni kazi yangu nitasema ukweli, kilishonwa vizuri mno, mshono wa mistari miwili bila kosa. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja. Baada ya kiti palikuwa na madigadi tupu, chuma chekundu kilichopinda kufuata gurudumu, na hapo pikipiki ikawa imeisha.

Methodius aliomba, akanyunyiza maji. Ndipo Dafroza akatoka ndani. Alikuwa amevaa lile gauni, kilemba amekifunga juu, mkoba mkononi. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele, akakikatisha katikati. Dada yangu akaizunguka pikipiki mpaka nyuma, akaweka kiganja juu ya madigadi.

"Baba Lameck," akauliza, "nakaa wapi?"

Mutalemwa akageuka kutazama nyuma ya kiti chake. Nilimwangalia usoni, nikaona kitu kibaya kuliko ukaidi. Alikuwa amesahau. Alikuwa na sura ya mtu aliyerudi kutoka sokoni na ndiyo kwanza anakumbuka kwamba alikwenda na mtoto.

"Ni nzuri," Dafroza akasema, akarudi ndani. Wageni wakanywa rubisi harakaharaka, wakaaga.

Jina lilipatikana kesho yake. Ndyamukama, ambaye ndizi zake zilikuwa zimekosa usafiri, aliiita pikipiki ile Mseja, na jina likashika. "Mseja amepita," watoto walisema. "Mseja ameelekea Nyakasimbi." Mutalemwa aliipanda kila alipomaliza kazi za kibanja, lile shamba letu la migomba na mibuni. Aliondoka peke yake, akarudi peke yake, na hakurudi na kitu, hata kiberiti. Ukimuuliza alikwenda wapi alisema hakwenda popote. Kijiji kinaweza kumsamehe mwizi wa kuku, lakini mtu anayechoma petroli kwenda popote kinamtazama kwa wasiwasi.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Dada yangu akikasirika hapigi kelele, anakuwa na adabu. Alimpakulia mumewe chakula kwa heshima ya kumpakulia mgeni aliyetoka Bukoba. Aliacha kumwita Baba Lameck, akawa anamwita Mzee Mutalemwa. Jumapili alitoka mapema, kwa miguu, na gauni lake la zamani.

Siku moja Mutalemwa alikuja bandani kubadilisha zipu ya koti. Nikaona nimempata.

"Shemeji, huna haya?" nikamuuliza.

"Ninayo, shemeji. Tena nyingi."

"Basi nieleze, maana mimi nimeshona marinda kwa siku mbili."

Akakaa kwenye benchi. Alinieleza polepole, akiangalia mikono yake. Alikwenda Omurushaka akiwa na nia ya kununua ile ngumu yenye keria. Alikuwa ameshaichagua, mwenye duka ameshaanza kutafuta funguo. Pale barazani palikuwa na bwana mmoja anaitwa Egbert, afisa wa Bukoba aliyekuwa anahamishwa, anatafuta mtu wa kumwachia pikipiki yake ya kutembelea.

"Nikaikalia kujaribu tu," Mutalemwa akasema. "Nikageuka nyuma kama ninavyogeuka siku zote, kuangalia abiria amekaa sawa. Hapakuwa na mahali pa abiria. Shemeji, nilisikia mgongo wangu unapumua."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikajikuta nafumua zipu yake ya zamani taratibu.

"Nikafikiri, nikichukua ile nyingine, kesho Ndyamukama ataleta ndizi zake. Keshokutwa Vero na unga. Nami siwezi kumkatalia mtu, unanijua, sijawahi kujifunza. Hii inanikatalia yenyewe."

"Na huko unakokwenda, unafuata nini?"

"Sifuati kitu. Nashika njia ya Nyakasimbi, nikijisikia navuka mpaka Kyerwa, nafika Kamuli, natazama, narudi." Hapo uso ukamfunguka. "Kuna kona moja kule, barabara inashuka katikati ya mibuni. Ukiwa na mzigo huwezi kuinama kwenye kona, unapita wima kama askari wa gwaride. Miaka yote ile nimepita kona nimesimama wima. Sasa nikilala kidogo, pikipiki nayo inalala, tunainuka pamoja. Basi, ni hilo tu. Mibuni ikiwa imechanua, harufu yake inakuingia mpaka kichwani."

Niliona ni upuuzi, na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja.

"Na Dafroza?" nikauliza.

"Dafroza sikumkataa. Nikisikia habari ya nyuma ya pikipiki, mimi naona mzigo. Yeye sikumwona pale kabisa."

"Umemwambia hivyo?"

"Nitamwambiaje mke wangu kwamba nimemhesabu pamoja na mikungu ya ndizi?"

Nilimrudishia koti lake bila kumdai chochote. Kwangu hilo si jambo dogo.

Wiki hiyo hiyo alishindwa kuvumilia ile adabu ya nyumbani. Nilimwona anapita mbele ya banda, anaisukuma pikipiki kwa mkono, kichwa chini, anaelekea kwa Yustus, kijana anayechomelea madirisha na mageti. Nikauliza kulikoni. Akasema anakwenda kukata madigadi, atie keria na kiti kirefu. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayepeleka ng'ombe wake machinjoni.

Niliacha kitambaa kwenye cherehani nikakimbia kibanjani. Dafroza alikuwa anapunguza majani makavu ya migomba. Nilimwambia, nikidhani atafurahi. Akachomeka kisu chake kwenye shina la mgomba na kuondoka jinsi alivyo, udongo mikononi, mimi namfuata nyuma nikihema.

Tulimkuta Yustus ameshachora mstari wa chaki kwenye chuma chekundu, mashine ya kukatia iko mkononi.

"Mwanangu Yustus," Dafroza akasema, "weka chini hicho kitu."

Yustus akaiweka. Mutalemwa akasimama kutoka kwenye ndoo aliyokalia.

"Mama Lameck, nakuwekea kiti."

"Sikitaki."

"Jumapili nitakupeleka kanisani. Niliahidi."

"Juzi nilikuwa narudi kumwona shangazi Nyakasimbi," Dafroza akasema, "nimekaa kando ya barabara napumzisha miguu. Ukapita. Hukuniona. Nilitaka nivue kiatu nikutupie, Mungu anajua. Halafu nikaona unacheka. Uko peke yako, umelala kwenye kona kama kijana asiye na akili, na unacheka. Nimeolewa na wewe, nimekuzalia watoto, na kicheko kile nilikuwa sijakiona tangu ulipokuwa unakuja kwetu kuniposa." Akaugusa ule mstari wa chaki. "Sasa ukinitilia kiti hapo, utanibeba na ule uso wako wa kubebea magunia. Nitakuwa abiria wako wa mwisho. Sitaki kuwa abiria wako. Uliponisahau niliumia, na bado naumia, lakini dawa yake siyo hiyo."

Yustus alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mutalemwa alikuwa analia, wala hakujificha.

"Nisamehe," akasema. "Sasa wewe unataka nini? Niambie, nitafanya."

Dada yangu akafungua mdomo kwa haraka, kama mtu mwenye jibu. Akaufunga. Akaangalia mikono yake yenye udongo, akaniangalia mimi, akaangalia barabara.

"Sijui," akasema. "Hilo sijawahi kuulizwa."

Nilisikia uchungu pale ambao siwezi kuueleza vizuri. Mwanamke amelima, amezaa, amesomesha, na swali dogo namna ile lilimpita pembeni maisha yake yote.

Walirudi nyumbani, yeye mbele, Mutalemwa nyuma na pikipiki yake nzima. Jioni hiyo Dafroza akasema amefikiri, anataka tanki la maji la plastiki.

"Tutalinunua," Mutalemwa akajibu, "lakini hilo ni la kazi. Mimi nilichagua kisicho na kazi. Na wewe chagua kisicho na kazi."

Jioni nyingine akataja jiko la gesi. La kazi. Akataja viatu.

"Vya kwendea wapi?"

"Kanisani."

"Vya kazi!" Mutalemwa akasema, mkali kama mkaguzi wa shule, na dada yangu akaangua kicheko. Nilikuwepo, nikakisikia kwa masikio yangu. Kuanzia hapo ukawa mchezo wao. Nikipita jioni naambiwa kilichotajwa na kilivyokataliwa. Blanketi lilikataliwa. Redio ilikaribia kupita, ila Dafroza akakiri anaitaka kwa ajili ya kusikiliza bei ya kahawa.

Jumamosi moja tulikuwa tunamenya ndizi mlangoni, Mutalemwa anafuta bomba lake la moshi kwa kitambaa. Dafroza akasema bila kuinua kichwa:

"Nimekipata. Ile migomba ya mbele ya mlango, nataka iondoke."

Kitambaa kikasimama. Msomaji wa mbali inabidi aelewe kwamba kwetu migomba inakuja mpaka mlangoni. Iliyo karibu na nyumba inakula majivu na maganda ya jikoni, ndiyo inayonenepa na ndiyo inayolisha familia. Migomba ile ya mbele ilipandwa na marehemu mama yake Mutalemwa, na mikungu yake haibebwi na mtu mmoja.

"Iondoke, upande nini?"

"Sipandi kitu. Tangu niolewe humu, nikifungua mlango naona majani ya migomba. Nyuma ya majani kuna kilima, na jua linashukia pale. Nalijua kwa kuwa nikitoka kisimani naliona, lakini nina ndoo kichwani, siwezi kusimama. Nataka nikae mlangoni nilione."

"Ile ilipandwa na mama," Mutalemwa akasema.

"Najua."

"Na ndiyo inayozaa kuliko yote."

"Najua, Baba Lameck. Ndiyo maana nilianza na tanki."

Nilishusha pumzi niliposikia ameitwa Baba Lameck. Yeye alikuwa amesimama anaitazama migomba ya mama yake, na nikaona inavyomchoma. Mkulima wa Karagwe unaweza kumwomba ng'ombe akakupa, lakini mgomba wenye mkungu mchanga haukatwi. Migomba mizima hukatwa na adui tu, mtu mwenye chuki anayetaka kuiambia familia kwamba anaitakia njaa.

Hakuuliza tena kitu. Akaweka kitambaa juu ya kiti cha pikipiki, akaingia ndani, akatoka na panga na jembe. Machipukizi aliyang'oa kwa upole, akayahamishia nyuma ya nyumba, maana hata hivyo ni mkulima. Halafu akaanza kukata. Migomba ilianguka na majani yake kwa kishindo kizito, maji yakatiririka, na shati lake likajaa utomvu ambao mimi fundi nawaambieni hautoki kwa sabuni yoyote.

Ndyamukama alisikia kishindo, akaja mbio na fimbo. Vero akamfuata, mikono kichwani.

"Waitu, jamani! Nani amewafanyia unyama huu?"

Katekista Methodius naye akafika, rozari mkononi, amejiandaa kwa lolote.

"Nimekata mimi," Mutalemwa akasema.

"Wewe? Mnajenga?"

"Hatujengi."

"Basi mtapanda nini?"

"Hatupandi."

Ndyamukama akaitazama mikungu iliyolala chini, akatazama ule uwazi mpana ulioachwa. Mwanga ulikuwa unaingia mpaka kizingitini, mahali ambapo haujawahi kufika. "Sasa hapa pana kazi gani?"

Mutalemwa akajipangusa jasho, akaelekeza kwa kidevu. Mlangoni Dafroza alikuwa ameshatoa kiti cha sebuleni, kile cha wageni. Alikuwa amekaa, mikono imelala mapajani, na hakuwa amemwitikia mtu salamu.

"Muulizeni mwenyewe," Mutalemwa akawaambia kwa sauti ya chini. "Ila ngojeni kwanza. Bado anaangalia."